Mlango Mmoja wa Nyumba ya Nailoni

Vijana, niwaambie mapema ili msije mkapoteza muda wenu: mimi hakuna kitu cha kunishangaza. Nimeona mvua ya mawe ikitoboa bati jipya. Nimeona migomba ya ekari nzima imelazwa na upepo kama walevi wa sikukuu. Nimeona shirika lililokuwa likituletea mbolea na dawa likifunga milango, na wiki iliyofuata kila mwenye kibanda Tukuyu amekuwa mtaalamu wa kilimo, anauza dawa ya nyanya rafu moja na sukari. Soko huria, walituambia. Nikatazama tu, nikaendelea na shughuli zangu.

Shule nimesoma miaka minne, na mmoja kati ya hiyo niliurudia. Lakini mtu wa kwanza upande wetu wote wa Kisondela kulima nyanya ndani ya nyumba ni mimi. Atakayewaambia kuna mwingine aliyenitangulia, mleteni kwangu aseme nikiwa nimekaa mbele yake.

Sasa nimepumzika. Magoti hayataki tena kupiga magoti, na banda nimemwachia mtu ambaye mtamjua hapa mbele. Nyinyi mnakuja kila siku kuniuliza: dawa gani nzuri, inzi weupe wanauawa na nini, kwa nini majani yanajikunja. Mnauliza dawa tu. Hakuna anayeniuliza habari za mlango. Basi leo nitawaambia habari za mlango.

Banda lenyewe nilijenga kwa mirunda, juu nailoni nzito, pembeni neti yenye matundu madogo ambayo hata inzi mweupe hapiti. Mnajua mvua yetu hapa haina adabu. Nyanya ya nje ukiiona ina doa kwenye jani Jumatatu, Jumapili shamba zima limekuwa kama limemwagiwa maji ya moto. Ukungu huo. Ndiyo maana wakati wa Pasaka nyanya hapa zinakuwa za kutafutwa kama dawa ya jino. Mimi nikasema, mvua ibaki nje, mimi na nyanya tukae ndani. Niliuza ng'ombe wangu wawili wa maziwa kununua nailoni na neti. Wawili, na sikuwa na wa tatu. Mwenye hoteli mmoja wa Mbeya tulikubaliana achukue mzigo wote wa Pasaka. Majirani wakawa wanapita wanacheka: "Baba Ipyana kazijengea nyanya nyumba, sasa bado kuzinunulia godoro." Kwa hiyo mjue nilikuwa nimesimama wapi. Nyanya zile zikifa, ng'ombe hakuna na jina hakuna.

Mwalimu wangu alikuwa Mzee Rajabu, mwenye duka la pembejeo pale Msasani ya Tukuyu. Babu yake alikuja kutoka pwani na cherehani, yeye mwenyewe alikuwa mtunza ghala wa lile shirika, na lilipofungwa akafungua duka lake. Dawa alikuwa anazijua kama mnavyojua majina ya wachezaji mpira. Siku ya kwanza alipokuja kuona banda hakulisifia hata kidogo. Alisimama mlangoni akasema:

"Baba Ipyana, hii sasa ni wodi. Kila anayeingia humu kaleta kitu."

Akanipangia sheria. Mlango uwe mmoja tu, na ndani yake uwepo wa pili, katikati kijichumba cha kusimama: unafunga wa nyuma kwanza ndipo unafungua wa mbele. Chini, beseni la maji ya dawa, unakanyaga na buti. Koti la humo halitoki humo. Unaangalia mimea michanga kwanza, ile yenye ugonjwa unaimalizia, huanzi nayo. Ndoo za njano zining'inizwe, zimepakwa grisi kwa nje, maana inzi weupe wanapenda njano kuliko wanavyopenda maisha yao. Majani ya chini yakatwe, hewa ipite. Maji asubuhi, chini kwenye shina, jioni jani lilale kavu.

Na mikono. Mikono, vijana! Wakati ule nilikuwa navuta sigara za kusokota. Mwezi wa kwanza majani yakaanza mabaka ya kijani na manjano, kama shati la mpambe wa harusi. Nikaenda dukani kulalamika kwamba mbegu yake mbovu. Mzee Rajabu hakuniuliza habari za mbegu. Akasema, "Nionyeshe vidole." Nikamwonyesha. Akanusa. "Ugonjwa huu unakaa kwenye tumbaku, bwana wee. Umeupeleka mwenyewe, mche kwa mche, unawasalimia." Dawa yake ni nini? Maziwa. Unanawa mikono kwa maziwa kabla ya kugusa mche. Nilicheka nikashika mbavu, mpaka nikajaribu. Rungwe maziwa si shida, shida ilikuwa kumweleza mke wangu kwa nini nanawa maziwa ambayo sasa tunanunua. Sigara nikaacha. Iliniuma kidogo, lakini mimi nikiamua nimeamua.

Sasa tuje kwenye mlango.

Mwanangu Ipyana alikuwa fundi magari Mbeya, anarudi mwisho wa mwezi. Alioa binti wa Igogwe anayeitwa Subilaga, akamleta nyumbani kwetu. Binti mchapakazi, mikono myepesi, akikata jani la nyanya huoni kidonda. Nikasema huyu ndiye wa banda. Lakini mnajua mila zetu, au basi wengine mmeshazisahau: mkamwana na baba mkwe hawaonani. Hatazamwi usoni, haongei naye, hapiti alipo. Akisikia anakuja, anaacha njia anaingia migombani. Mimi nilikuwa tayari kuliacha jambo hilo. Nikamwambia mke wangu:

"Mama Ipyana, hayo ni ya kizamani, na sisi ni watu wa kanisani."

Aliweka chini sufuria. "Mimi baba yako nilimkimbia miaka kumi na moja. Siku moja nilikaa ndani ya mtaro wa maji, mtoto mgongoni, mpaka amalize kuongea na mwenzake barabarani bei ya chai. Wa kwako huyu akimbie kidogo, ana miguu."

Basi nikapanga zamu, na niliipanga vizuri mno. Asubuhi banda la Subilaga, mchana banda langu. Nikikaribia nakohoa mara tatu kwa nguvu, kama lori linalokataa kuwaka, kumpa nafasi kama bado yumo. Ujumbe wa kazi unapitia kwa Mama Ipyana. Mimi namwambia mke wangu, "Mwambie mkamwana afunge kamba mstari wa nne," na mke wangu anageuka kuelekea jikoni, hatua tatu, anasema, "Baba anasema funga kamba mstari wa nne," wakati Subilaga yuko hapo nyuma ya mlango anasikia kila neno. Jibu linarudi hivyo hivyo. Miezi saba tulifanya kazi hivyo bila kuonana, na niliwaambia watu kwamba hata ofisini Dar es Salaam hakuna utaratibu kama wangu.

Shida ni kwamba mimi wageni nilikuwa nawaleta hovyo. Mchungaji anapita, namwingiza. Jamaa wa chai anapita, namwingiza. Nikiona mtu barabarani mwenye viatu safi tu, nakohoa mara tatu namwingiza. Zamu ya nani, sikuwa naangalia tena. Na kila nilipoingia, Subilaga hayumo. Nikawa nasema moyoni, binti huyu ana adabu, anatoka kabla sijafika, sijui anapitia wapi.

Sikujiuliza anapitia wapi. Mlango ni mmoja, mimi nimesimama hapo na mchungaji, na yeye hayumo ndani. Kichwa changu chote hiki, sikujiuliza.

Wiki tano kabla ya Pasaka, inzi weupe wakaingia. Ukitikisa mche wanaruka kama majivu. Na wakiingia wao, nyuma yao inakuja ile mnayoiita rasta: jani linajikunja, linakakamaa, mche unakataa kukua. Nilipima neti kwa macho mlangoni pote, nzima. Milango miwili, mizima. Nikaenda kwa Mzee Rajabu na maneno makali.

"Dawa yako umeichanganya na maji."

"Dawa yangu imefungwa kiwandani, ina lebo, ina tarehe. Unapulizia wapi?"

"Juu ya majani, wapi tena?"

"Inzi anakaa chini ya jani, wewe unamwoshea paa! Elekeza mdomo wa bomba juu, toka chini. Na dawa moja usiirudie rudie, watazoea. Na hao wanaingilia mahali. Kabla ya kupulizia tena, tafuta tundu."

Akaniuzia na vifaa kwa lazima: barakoa, miwani, glavu, koti refu. Nikalipa nimenuna. Lakini dawa yenyewe sikununua kwake. Nilikuwa nimemkasirikia. Nilinunua gulioni kwa kijana mmoja, ilikuwa kwenye chupa ya soda, haina lebo, akaniambia, "Mzee, hii inaua kila kitu." Nikaona hiyo ndiyo ninayoitaka. Mnaniangalia hivyo kwa nini? Hapo bado sijafika pabaya.

Mwenye hoteli akatuma salamu kwamba kesho yake anakuja kuona mzigo wake. Nikasema lazima leo hii hii niwamalize. Ilikuwa asubuhi, zamu ya Subilaga, lakini nilijua siku hiyo kina mama wana mkutano kanisani na Mama Ipyana alishaondoka. Kwanza nilishusha mzigo wa mianzi ya kusimikia miche, nikauegemeza nyuma ya banda, kwenye neti. Nikavaa vifaa vyote. Nilikuwa kama mtu anayekwenda kurina asali ya nyuki wa jirani. Nikakohoa mara tatu kama desturi, kikohozi chote kikabaki ndani ya barakoa.

Nikaingia, nikafunga, nikaanza kupiga bomba. Mstari wa kwanza, wa pili. Harufu ilikuwa kali mpaka ndani ya barakoa. Mstari wa tatu, nyanya mbichi ikadondoka karibu na mguu wangu. Nikasema imeanguka yenyewe. Mstari wa nne, nyanya nyingine ikapiga bomba mgongoni, ngo! Nikageuka. Hakuna mtu.

"Nani?"

Nyanya ya tatu ikanipata kwenye miwani.

Vijana, mimi siogopi. Lakini nilisimama pale na mbegu za nyanya zikiteremka kwenye kioo, nikakumbuka majirani wote walionicheka, nikaanza kuwahesabu nani kati yao anaweza kurusha nyanya bila kuonekana. Nikasema kwa sauti, "Kama umetumwa, mwambie aliyekutuma kwamba nasali!" Nikaongeza pampu.

Ndipo nikasikia mtu anakohoa. Si kikohozi cha kutisha mtu. Ni cha kukosa hewa. Nikachungulia kati ya majani, nikaona mwisho kabisa wa banda kuna khanga imekaa chini, imejifunika kichwa chote, na mkono umetoka pembeni umeshika nyanya nyingine.

Subilaga hakuwa amekwenda mkutanoni. Alibaki kukata majani ya chini amalize. Mimi niko kati yake na mlango. Hawezi kupita nilipo, hawezi kuniita, hawezi kusema "baba, acha." Alichoweza ni kunirushia nyanya.

Nilitupa bomba. Nilitoka mbio milango yote miwili bila kuifunga, nikasimama nimegeukia migombani, nimefumba na macho, nikapiga kelele: "Toka, mama! Sikuoni! Toka!" Nikasikia miguu ikipita mbio, halafu nikasikia anatapika kando ya kisima.

Nasema ukweli. Nilijua la kufanya: nguo zivuliwe, mwili uoshwe kwa sabuni na maji mengi, apelekwe hospitali na chupa ya dawa ili wajue. Nilijua yote na nisingeweza kumgusa. Nikapiga yowe mpaka jirani, yule yule mwenye maneno ya godoro, mke wake akaja akamwosha, na gari lililokuwa linapakia ndizi likatupeleka hospitali, yeye mbele na huyo mama, mimi nyuma juu ya ndizi.

Sista akatoka. "Nani aliyekuwa naye?"

"Mimi."

"Ingia basi, utuambie amepuliziwa nini."

"Siwezi kuingia, sista. Ni mkamwana wangu."

"Baba, mgonjwa wako hapumui vizuri, na wewe unaniambia nini?"

"Nasemea dirishani."

Nikasemea dirishani, mgongo umegeukia ukuta, nikampa chupa kwa mkono wa nyuma. Akaishika, akaitazama pande zote. "Hii ni soda."

"Ndani si soda."

"Ni nini?"

Na hapo, mbele ya watu waliokuwa kwenye foleni, mtu wa kwanza Kisondela kulima nyanya ndani ya nyumba alijibu, "Sijui." Neno hilo sikuwahi kulitumia kabla. Walimtibu kwa kuangalia dalili, na Mungu akasaidia, ilikuwa imemwingia kidogo kwa sababu ya khanga usoni. Siku mbili akawa mzima. Ipyana alifika kutoka Mbeya na grisi mikononi, akaniuliza kitu kimoja tu: "Baba, umempulizia mke wangu kama inzi?" Mzee Rajabu naye alikuja kunipa pole, akaiona chupa. "Chupa ya soda! Basi bora ungeionja, ukajua na ladha."

Subilaga aliporudi hakuja kwangu. Alikwenda kwa wazazi wake Igogwe, akatuma maneno. Mama Ipyana akayaleta, safari hii akisimama mbele yangu kabisa.

"Anasema harudi kwenye banda lile mpaka aweze kukuambia 'baba, acha'."

"Na wewe unasemaje? Si wewe uliyekaa kwenye mtaro?"

"Mtaroni kulikuwa na maji. Hakukuwa na sumu."

Kwetu mkamwana hufunguliwa mdomo, lakini baba mkwe ndiye anayelipia, tena mbele ya wazee. Nilifikiri jogoo atatosha. Baba yake Subilaga alicheka hadi akasimama kunyoosha mgongo. Akasema binti yake si wa jogoo, ni wa mtamba, na mtamba aje kwa miguu yake na kamba yake shingoni. Mimi niliyeuza ng'ombe wawili kununua nailoni, nikanunue ng'ombe ili mtu aongee! Lakini miche ilikuwa inangoja. Mikono yangu peke yake isingeitosha, na usingizi wangu haukuwa usingizi tangu siku ya zile nyanya. Kila nikifumba macho naona khanga.

Niliuza cherehani ya marehemu mama na baiskeli, nikanunua mtamba. Wazee wakakaa, soda zikanyweka, Subilaga akaletwa amefunikwa, nikamkabidhi kamba na vitenge viwili. Akafunua uso. Ndiyo mara ya kwanza namtazama mke wa mwanangu. Nikangoja neno la shukrani.

"Shikamoo, tata," akaniita baba kwa lugha yetu.

"Marahaba, mama."

"Tata, dawa unachanganya nyingi kuliko maji. Bomba linavuja kwenye mkanda, ndiyo maana mgongo unakuwasha. Wageni wako hawakanyagi beseni, mchungaji aliliruka. Koti la ndani unakwenda nalo gulioni. Na inzi wameingilia kwenye mlango wangu."

"Mlango wako upi?"

"Wa nyuma."

Wazee wote wakanitazama. Nikasema banda langu lina mlango mmoja. Akasema, kwa sauti ya chini kabisa, kwamba lina miwili tangu mwezi wake wa kwanza wa kazi. Tukaenda kuona. Nyuma ya mianzi niliyoegemeza, kwenye kona, neti imekatwa vizuri kwa wembe, kimo cha mtu aliyeinama, imekunjwa upindo, imeshonwa, imewekwa vifungo vitano vya sweta la mtoto. Kazi safi. Kila nilipokohoa alitokea pale, na kila alipotokea inzi waliingia. Na siku ile mianzi yangu ilikuwa imemfungia.

"Ungeniambia!" nikasema.

"Ningekuambiaje, tata? Na ningepita wapi? Mlango ni mmoja."

Mzee Rajabu, ambaye naye alialikwa, alikuwa anakagua vifungo kwa kidole, anatikisa kichwa kama mtu anayesifu kanzu.

Tuling'oa mistari miwili yenye rasta, tukafungia kwenye magunia hapo hapo ndani ili inzi wasisambae, tukaichoma mbali. Neti tukaiziba. Tukaanza kutundika kitambaa chekundu mlangoni tukipulizia, na haingii mtu mpaka siku zilizoandikwa kwenye lebo ziishe. Na lebo anaisoma Subilaga, kwa sauti, mimi nikisikiliza. Kabla ya kupulizia tunaita jina la kila mtu wa nyumba hii, anaitika alipo. Mistari minne iliyobaki ikaiva. Mwenye hoteli alichukua mzigo wake wa Pasaka, pungufu, lakini alichukua, na majirani walikuja kununua zilizobaki wakiwa wamenyamaza.

Banda sasa ni la Subilaga, tena yamekuwa mabanda matatu. Mkitaka dawa nendeni kwake, lakini mkanyage beseni, kwa sababu huyo binti hanyamazi tena. Jana tu ameniambia ninavyofunga kamba nanyonga mche. Mnaniuliza kilichonigharimu zaidi katika kilimo hiki kama ni nailoni au ni dawa. Si nailoni wala dawa. Ni kuambiwa makosa yangu na mkamwana wangu, ambako nilikulipia kwa mtamba, vitenge, soda za wazee na ile kamba, jumla shilingi laki moja na tisini na mbili elfu na mia tatu.